Upatanisho wa Nakala: Istilahi ya Hifadhidata Zilizotawanyika

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la mitambo ya kompyuta na kupendekeza istilahi yake. Taarifa muhimu huwekwa katika nakala kadhaa, mahali mbalimbali, ili kituo kimoja kiharibikapo vingine vihudumu. Hapana budi nakala hizo ziafikiane. Neno uthabiti, ambalo humjia mtu upesi, halifai, kwani nakala yaweza kuwa thabiti katika kosa. Sarufi yetu ina neno bora: upatanisho. Katika “Kitabu kile kikubwa kimepotea”, nomino ikiwa ya wingi maneno yote hufuata: “Vitabu vile vikubwa vimepotea”. Abadilishaye nusu ya sentensi ameiharibu yote.

Hata hivyo, sentensi hutoka kinywani mwa mtu mmoja, ilhali vituo huarifiana kwa nyaya, na nyaya hukatika. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, Machi 2007, mitambo yake ilikuwa Ulaya, na haikuhamishiwa Kenya hadi 2015. Fedha zilizotoka Likoni kwenda Kisauni zilihesabiwa Ulaya!

Tuchukulie huduma ya kubuni yenye nakala mbili, moja Likoni, nyingine Changamwe. Mawasiliano yamekatika. Mchuuzi mwenye shilingi 3,000 azitoa zote Likoni, avuka kwa feri, apanda matatu hadi Changamwe, ambako nakala ingali yasoma 3,000. Karani akimlipa, fedha zimetoka mara mbili. Akikataa kulipa wote, mwenye mgonjwa hospitalini atanyimwa haki yake. Eric Brewer alidai mwaka 2000, na Gilbert na Lynch wakathibitisha mwaka 2002, kwamba mawasiliano yakatikapo haiwezekani kupata upatanisho kamili na pia kumjibu kila aulizaye.

Mwaka 1978 Jim Gray alieleza utaratibu wa awamu mbili. Msimamizi huuliza kila kituo, “U tayari?” Kila kimoja huandika ahadi yake na kujibu; wote wakikubali, ndipo amri hutolewa. Udhaifu wake ni kwamba msimamizi akinyamaza baada ya ahadi, waliosalia hubaki wakingoja, wasiweze kutenda wala kutangua.

Kwa fedha, naona kukataa ni afadhali. Orodha ya vitabu vya maktaba yaweza kuchelewa saa moja bila hasara. Kwa hiyo twahitaji istilahi mbili: upatanisho wa papo hapo, na upatanisho wa hatimaye, ambapo nakala hutofautiana kwa muda kisha zikalingana mabadiliko yakomapo.