Ardhi ya Fanling: Klabu ya Wachache Juu ya Mali ya Umma

Hapana mtu wa visiwani anayehitaji kufundishwa thamani ya eka moja. Tangu ardhi ya Unguja na Pemba ilipotangazwa kuwa mali ya umma mwaka 1964, na baadaye wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, suala la nani anaikalia ardhi, kwa masharti gani na kwa muda gani, limekuwa miongoni mwa mambo makubwa ya siasa yetu. Kwa sababu hiyo tunawaletea wasomaji wetu, na khasa wale maofisa ambao mikataba ya kukodisha ardhi hupita juu ya meza zao, habari za klabu moja ya gofu iliyoko mbali nasi, Hong Kong, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imecheza juu ya ardhi isiyokuwa yake.

Klabu hiyo iliasisiwa mwezi wa Mei mwaka 1889. Wakati huo kisiwa cha Hong Kong kilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1842, walipokitwaa kutoka kwa Wachina kwa vita vya kasumba. Waasisi walikuwa Wazungu wa tabaka la watawala na matajiri wa biashara, na mwanzoni walichezea katika bonde la Happy Valley, penye uwanja wa mashindano ya farasi, wakigombania nafasi na watu wa michezo mingine. Mwaka 1897, Malkia Victoria alipotimiza miaka sitini ya utawala wake, klabu ilipewa idhini ya kujiita ya Kifalme. Baada ya hapo walipata uwanja mdogo wa mashimo tisa katika ghuba ya Deep Water Bay, kusini mwa kisiwa. Nao haukuwatosha.

Nafasi kubwa ilipatikana kwa njia ambayo haikuhusu michezo hata kidogo. Mwaka 1898 Uingereza iliilazimisha China ikodishe sehemu kubwa ya bara na visiwa vinavyoizunguka Hong Kong kwa muda wa miaka 99. Wanavijiji wa huko hawakuulizwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1899, wakoloni walipokwenda kupandisha bendera yao, walikutana na wakulima wenye silaha waliowapinga kwa siku kadhaa mpaka wakashindwa kwa nguvu ya mizinga. Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka 1911, katika nchi hiyo hiyo iliyopiganiwa na wakulima, karibu na mpaka wa China, ndipo ulipofunguliwa uwanja wa gofu wa Fanling. Reli iliyofunguliwa mwaka 1910 iliwarahisishia safari wanachama waliokaa mjini. Ndani ya uwanja huo yalibaki makaburi ya wazee wa vijiji vya jirani, nayo yamo hadi leo katikati ya majani yaliyokatwa vizuri, na watu wa vijijini huyazuru.

Hatusemi kwamba klabu ndiyo iliyobuni ubaguzi wa mahali pale. Dola yenyewe ilikuwa imekwisha kuutungia sheria: mwaka 1904 ilipitishwa sheria ya kuutenga mlima wa Victoria, wenye hewa baridi na mandhari nzuri, uwe makaazi ya Wazungu, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1946. Klabu ilikuwa ni tawi tu la mti huo. Lakini liko jambo moja ambalo tunaomba msomaji alitafakari. Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ilijenga huko Fanling, ubavuni mwa viwanja vya gofu, nyumba ya mapumziko ya Gavana. Basi yule ambaye Serikali yake ndiyo inayotoa ardhi, na ndiyo inayopanga kodi yake, na ndiyo inayoamua mkataba uongezwe au ukome, alikuwa akiamka asubuhi na kufungua dirisha juu ya majani ya mpangaji wake. Katika hali kama hiyo ni nani atakayeuliza kama kodi inatosha?

Vita vikuu vya pili vilisimamisha kila kitu. Wajapani waliivamia Hong Kong tarehe 8 Disemba 1941, wakaishika siku ya Krismasi, wakatoka mwaka 1945. Baada ya vita klabu ilijijenga upya, na tangu mwaka 1959 Fanling ikawa mahali pa mashindano ya kimataifa ya wazi ya Hong Kong. Bingwa wa kwanza alikuwa Lu Liang-Huan wa Taiwan. Uwanja wa pili ulikuwa umekwisha kuongezwa kabla ya vita, na wa tatu ukaja baada yake, hata jumla ikawa mashimo 54 juu ya hekta 172. Kwa hesabu tunayoifahamu sisi, hizo ni eka 425, yaani mashamba 141 ya eka tatu tatu.

Miaka hiyo hiyo wananchi wa kawaida waliishi vipi? Usiku wa tarehe 25 Disemba 1953 moto uliunguza vibanda vya wakimbizi mahali paitwapo Shek Kip Mei, na watu wapatao 53,000 wakabaki bila ya pa kulala. Ni baada ya msiba huo ndipo Serikali ilipoanza kwa dhati kujenga nyumba za umma. Mamilioni ya watu wamepata makaazi kwa mpango huo, na hilo ni jema lisilofichika. Hata hivyo nyumba hazikutosha. Hong Kong yote, bara na visiwa vyake, ni ndogo kuliko Unguja peke yake, na ina watu zaidi ya milioni saba. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionesha kwamba zaidi ya watu 215,000 walikuwa wakiishi katika vyumba vilivyogawanywa, fleti moja ikikatwa vipande kwa ubao ili ziingie familia kadhaa, choo na jiko vikiwa pamoja. Mwaka 2022 wastani wa kungojea nyumba ya Serikali ulipita miaka sita.

Klabu iliacha jina la Kifalme mwaka 1996, na tarehe 1 Julai 1997 Hong Kong ikarejea China. Wengi walidhani kwamba mambo ya Fanling yatabadilika siku hiyo. Hayakubadilika. Wakati huo uanachama haukuwa tena wa Wazungu; matajiri wa Kichina walikuwa wamekwisha kuingia, na mwenye mali humfahamu mwenye mali mwenzake.

Hapa tunafika penye kiini cha habari yetu. Huko Hong Kong, isipokuwa kiwanja kimoja cha kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, ardhi yote ni ya dola, na kila anayeikalia ni mpangaji. Klabu za michezo zilipewa viwanja vyao kwa mikataba maalumu, ama bila ya malipo ya kuingilia au kwa malipo ya jina tu, kwa hoja kwamba zinaendeleza michezo. Sharti lake lilikuwa kwamba milango ifunguliwe pia kwa skuli na jumuiya za nje kwa saa chache kila wiki. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Hong Kong aliichunguza mikataba ya klabu hizo, na akaona kuwa sharti hilo lilitumika kidogo mno. Skuli nyingi hazikujua hata kwamba zina haki ya kuomba. Sharti lililoandikwa na likawekwa katika jalada bila ya mtu wa kulifuatilia halimfai mwananchi. Tunadhani ofisi nyingi, na si za Hong Kong tu, zina majalada ya namna hiyo.

Mwaka 2017 iliundwa tume ya kutafuta ardhi ya kujengea, nayo mwaka 2018 ikawauliza wananchi kwa miezi mitano. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwa kuchukua hekta 32 za Fanling kwa ajili ya nyumba. Mwaka 2019 Serikali ilikubali. Mwaka huo huo ilitangaza pia kwamba klabu za binafsi zitakapopewa mikataba mipya zitalipa thuluthi moja ya bei ya soko. Mkataba wa klabu ulipokwisha mwaka 2020 uliongezwa kwa miaka mitatu tu, na tarehe 1 Septemba 2023 hekta hizo 32 zikarudi mikononi mwa Serikali. Mpango ulikuwa kujenga fleti 12,000 za umma juu ya hekta zipatazo tisa. Hekta 140 zilizobaki klabu iliachiwa kwa mkataba uliowekwa ukome Juni 2027.

Ingekuwa rahisi kwetu kumalizia hapo na kupiga makofi. Lakini uadilifu unatutaka tuieleze na hoja ya upande wa pili. Klabu ilisema kwamba uwanja wa mwaka 1911 ni turathi, kwamba una miti mikongwe na aina za viumbe zilizo adimu, na kwamba ndipo wachezaji wa Hong Kong wanapofundishwa. Baadhi ya hoja hizo ni za kweli. Miti ya mivinje ya maji iliyomo humo ni ya aina inayotoweka duniani, na wataalamu wasiokuwa na uhusiano wowote na klabu walilisema hilo. Mwezi wa Mei mwaka 2023 idara ya mazingira iliipitisha ripoti ya mradi, ila kwa masharti, na ikataka ukubwa wa majengo ufikiriwe upya. Klabu ikaenda mahkamani. Mwezi wa Disemba mwaka 2024 Mahkama Kuu iliitengua idhini hiyo.

Zingatieni kilichoamuliwa. Hukumu hiyo haikuwa juu ya nani mwenye ardhi. Serikali ilikuwa imekwisha kuirudisha kwa kungojea tu siku ya mwisho ya mkataba, bila ya kumnyang'anya mtu na bila ya kulipa fidia ya ardhi. Ilishindwa mbele ya hakimu katika kazi ya baadaye, kazi ya mezani: kupima, kueleza na kutoa idhini kwa utaratibu uliowekwa na sheria yake yenyewe. Na aliyekuwa na fedha za kuajiri mawakili wa kuliona kosa hilo alikuwa mpangaji aliyeondolewa. Wale watu 215,000 wa vyumba vya ubao hawakuwa na wakili katika kesi ile.