Picha Zikiingia, Zitatokaje?

Katikati ya mwaka 2017, watu wengi waliokuwa wakihifadhi picha zao kwenye tovuti ya Photobucket walishtuka kuona hazionekani tena. Walikuwa wamezipakia huko bure, kisha wakazionyesha kwenye tovuti nyingine: wauzaji wadogo wa bidhaa, mafundi wa magari, wapenzi wa bustani. Ghafla mahali pa picha pakajaa tangazo la kumtaka mwenye akaunti alipie. Kampuni ilikuwa imebadili masharti, na aliyetaka picha zake zionekane tena nje ya Photobucket alidaiwa karibu dola 400 kwa mwaka.

Mkasa huo una la kuwaambia wote wanaofikiria kufungua tovuti ya pamoja ya picha, iwe ni klabu ya wapigapicha, chuo cha sanaa, au vijana wachoraji wanaotaka kazi zao zionwe na wateja. Mara nyingi mazungumzo yao huanzia kwenye sura: rangi gani itumike, picha zipangwe vipi, nembo ikae wapi. Sura hubadilishwa kwa siku moja. Kigumu kubadilisha ni mahali zilipo picha, nani ana mamlaka juu yake, na namna ya kuzitoa pamoja na majina na maelezo yake.

Hata huduma inayopendwa hubadilika inapopata mmiliki mpya. Flickr ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2004, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Yahoo. Mwaka 2013 kila mtumiaji alipewa bure terabaiti moja, nafasi inayotosha picha laki kadhaa. Miaka mitano baadaye kampuni ya SmugMug iliinunua, na likatoka tangazo kwamba akaunti ya bure haitazidi picha 1,000, na zitakazozidi zitafutwa kuanzia zile za zamani. Picha zilizokuwa na leseni huria za Creative Commons zilinusurika. Wamiliki wapya walikuwa na hoja, kwani nafasi hugharimu fedha na lazima mtu azitoe. Lakini waliokuwa wamepakia picha zao kwa miaka kumi walilazimika ama kulipa ama kuzihamisha haraka.

Ndiyo maana vikundi vingi huamua kukodi seva na kuweka programu yao wenyewe. Hapo programu huria, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, zina nafasi kubwa.

Mojawapo ni Piwigo, iliyoanzishwa Ufaransa na Pierrick Le Gall mwaka 2002. Inaendeshwa kwa PHP na hifadhidata ya MySQL, vitu vinavyopatikana hata katika huduma za bei nafuu. Nguvu yake ni mpangilio: albamu ndani ya albamu, lebo, utafutaji, na ruhusa zinazoamua nani aone nini. Kwa kutumia kiongezi kiitwacho Community, wanachama hupakia picha wenyewe na msimamizi akazipitia kabla hazijaonekana. Faili zenyewe hukaa katika folda za kawaida, hivyo hata programu ikikwama, picha bado zinaweza kunakiliwa. Majina na maelezo yamo katika hifadhidata, nayo ni lazima iwekewe nakala ya akiba.

Kikundi kinachotaka watu wafuatane na kujadiliana kitavutiwa zaidi na Pixelfed, iliyoanzishwa na Daniel Supernault wa Kanada mwaka 2018. Kwa kuitazama utadhani ni Instagram. Tofauti kubwa ni kwamba inatumia ActivityPub, kanuni iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018, ambayo huwezesha seva za wamiliki mbalimbali kuwasiliana. Mchoraji mwenye akaunti kwenye seva ya Mombasa anaweza kufuatwa na mtu wa seva ya Berlin, kila mmoja akiwa kwake. Uhuru huo unadai kazi. Seva inahitaji mtu anayeimudu Linux, na kwa kuwa picha za nje nazo huingia, inahitaji mtu wa kuondoa zile chafu au za wizi.

Kwa msanii mmoja anayetaka kuonyesha kazi zake, wasifu wake na namba ya simu, WordPress, iliyopo tangu 2003, inatosha kabisa. Wanachama wengi wakianza kupakia kila siku, itahitaji viongezi vingi, na kila kiongezi kisichosasishwa huwapa wadukuzi upenyo.

Kisha ije hesabu. Klabu ya watu 60, kila mmoja akiweka picha 500 zenye ukubwa wa megabaiti 5, inahitaji gigabaiti 150 kabla ya kuweka nakala ya akiba. Ukurasa unaoonyesha picha 30 jinsi zilivyotoka kwenye kamera utakula megabaiti 150 za bando la mtazamaji, naye atauacha kabla haujafunguka. Kwa hiyo programu nzuri hutengeneza yenyewe nakala ndogo za kila picha, ikiacha ile kubwa kwa anayeihitaji. Kwa watazamaji wanaotumia simu na kununua bando la siku, hilo ni sharti la kwanza.

Hata kupendwa kuna gharama. Juni 2024 wasanii walihamia kwa wingi Cara, tovuti ya mpigapicha Jingna Zhang, wakikwepa kampuni zinazotumia kazi zao kufundishia akili bandia. Katika muda wa wiki moja hivi watumiaji walipanda kutoka takriban 40,000 hadi 650,000, na waendeshaji wakapokea ankara ya zaidi ya dola 96,000. Huduma ya seva waliyokodi ilikuwa ikitoza kadiri inavyotumika. Kikundi chenye mfuko mdogo kinahitaji huduma yenye bei isiyopanda, au yenye kikomo kilichowekwa mapema.

Picha pia hubeba habari zisizoonekana. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize. Taarifa za mahali zilizokuwa ndani ya faili zikafichua kwamba yuko Guatemala. Picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani inaweza kuonyesha nyumba ilipo kwa njia hiyo hiyo. Programu inayofaa huziondoa taarifa hizo kabla picha haijatolewa hadharani. Sheria nazo zipo: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Picha inayomtambulisha mtu si mali ya kuchezea, na mtu huyo akiomba iondolewe, msimamizi awe na uwezo wa kuiondoa.

La kuchunguza pia ni kama programu bado inahudumiwa. Gallery, iliyoanza mwaka 2000, iliwahi kutumika sana kwa albamu za mtandaoni, lakini mwaka 2014 watunzaji wake walitangaza kusimamisha kazi. Tarehe ya toleo la karibuni na idadi ya watu wanaorekebisha kasoro zina uzito kuliko orodha ndefu ya vipengele.

Kabla ya kuamua, kikundi kijaribu kwa picha 50 zenye majina, maelezo na lebo. Wanachama wawili wazipakie kwa simu za kawaida, kisha fundi azitoe zote na kuzifungua kwenye kompyuta nyingine, aone kama maelezo yamekuja nazo. Yasipokuja, programu hiyo iachwe mapema. Ikifaulu, domeni isajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi, na nywila za seva zishikwe na viongozi wasiopungua wawili.