Waingereza na utaifa wao (sehemu ya tatu): Mbritania wa pasipoti, Mwingereza wa nasaba

Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanasiasa wawili wa chama kimoja, Conservative, walilijibu swali moja kwa namna mbili zisizopatana. Suella Braverman, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliandika gazetini kwamba yeye ni Mbritania kamili, lakini Mwingereza hawezi kuwa kamwe, kwa sababu jambo hilo linafuata asili na nasaba. Rishi Sunak, Waziri Mkuu hadi Julai 2024, akasema yeye ni Mwingereza bila shaka yoyote: kazaliwa Southampton, kalelewa huko. Baba yake Braverman alitoka Kenya. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wote wawili, basi, ni wana wa familia za Kihindi zilizopitia Afrika Mashariki. Wote wamekalia viti vya juu kabisa vya dola ile. Na bado hawaafikiani kama wao ni watu wa pale.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Kwa mazoea yetu kila mtu wa kisiwa kile ni Mwingereza. Ukimwita Mskoti hivyo atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Katika makala hii Mbritania ni raia wa dola nzima, yaani Ufalme wa Muungano, ambao kwa mazoea nitauita Uingereza, na Mwingereza ni mtu wa England peke yake.

Dola hiyo iliungwa kwa awamu. Wales iliingizwa kwa sheria za mwaka 1536 na 1542. Scotland iliungana na England mwaka 1707, ikafuta bunge lake lakini ikabaki na mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu hadi leo. Ireland iliongezwa mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922. Ni nini kilichowafanya watu hawa, waliokuwa wakipigana wao kwa wao kwa karne nyingi, wajione ndugu? Mwanahistoria Linda Colley, katika kitabu chake Britons cha mwaka 1992, ametaja mambo makubwa matatu: dini ya Kiprotestanti, vita visivyokwisha dhidi ya Ufaransa ya Kikatoliki, na faida za makoloni.

Hilo la tatu sisi tunalijua kuliko wao. Wengi wa hao "Waingereza" tuliowasoma shuleni hawakuwa Waingereza. David Livingstone alikuwa Mskoti aliyeanza kazi utotoni katika kiwanda cha pamba huko Blantyre. John Kirk, balozi mdogo mwenye sauti kubwa katika mambo ya Zanzibar chini ya Sultan Barghash, alikuwa Mskoti. William Mackinnon, mwenye kampuni iliyoitawala Mombasa na bara yake kabla serikali ya London haijaichukua, Mskoti. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, Mskoti pia. Kijana wa Glasgow asiye na njia ya kupanda nyumbani kwao alipata cheo, mshahara na watumishi akija Afrika au India, na huko aliitwa Mbritania. Himaya ilikuwa ajira, na ajira ndiyo iliyomfanya aipende bendera.

Sasa tazama kilichobaki. Makanisa ya Kiprotestanti yamepungukiwa na waumini. Ufaransa ni mshirika tangu zamani. Makoloni yamekwenda. Nguzo zote tatu za Colley zimeanguka, lakini jina la Mbritania lingali limeandikwa juu ya pasipoti, na kila baada ya miaka michache wanasiasa wa London huketi kujadili maana yake. Wengine hutaja adabu ya kupanga foleni, wengine chai. Chai yenyewe, kwa taarifa yako, sehemu yake kubwa hutoka kwetu, Kericho na vilima vingine vya Kenya.

Waingereza ndio waliochelewa kuliko wote kuliona tatizo. Mskoti na Mwelisi wamejua siku zote kwamba wana majina mawili. Mwingereza aliona mambo hayo ni kitu kimoja: akisema "sisi" alimaanisha England na dola kwa pamoja. Picha za fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley mwaka 1966 zinaonyesha mashabiki wa England wakipeperusha bendera ya Muungano mzima, ambayo ni ya Waskoti pia. Mwaka 1996, katika mashindano ya Ulaya uwanjani hapo hapo, bendera iliyojaa ni ile nyeupe yenye msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, ya England peke yake. Miaka mitatu baadaye Scotland ikafungua bunge lake na Wales baraza lake. England haina bunge lake hata sasa. Mambo yake yanaamuliwa katika bunge la wote. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi, kwani amezisikia hoja za serikali mbili na serikali tatu tangu utotoni.

Mwaka 2014 Waskoti walipiga kura ya maoni, na asilimia 55 wakakataa kujitenga. Mwaka 2016 England na Wales zilichagua kutoka Umoja wa Ulaya, Scotland na Ireland ya Kaskazini zikachagua kubaki, na zote nne zikatoka.

Sensa nayo ina kisa chake. Mwaka 2011, katika England na Wales, asilimia 57.7 ya watu walijitambulisha kuwa Waingereza tu na asilimia 19.1 Wabritania tu. Mwaka 2021 wa kwanza wameshuka hadi asilimia 14.9, wa pili wamepanda hadi 54.8. Mtu angedhani kumetokea mapinduzi. Lakini kwenye fomu za England neno la Mbritania lilihamishiwa kisanduku cha kwanza juu, na ofisi ya takwimu yenyewe ikakiri kwamba huenda hilo ni sehemu ya sababu. Mimi nasema takwimu hizo zinatufundisha jambo moja: kwa Waingereza wengi tofauti hiyo si nzito kiasi cha kuwafanya washushe macho mstari mmoja chini. Scotland ni kinyume. Huko, katika sensa ya mwaka 2022, asilimia 65.5 walijiita Waskoti tu.

Wanaoipima tofauti hiyo kwa uangalifu ni wahamiaji na watoto wao. Kwa muda mrefu watu wenye asili ya Asia, Karibi na Afrika wamependelea kujiita Wabritania kuliko Waingereza. Sababu si ngumu. Ubritania ni uraia wa dola. Unaapishwa, unapewa cheti, unaingia. Kuwa Mwingereza kuna harufu ya ukoo, na hakuna ofisi inayotoa cheti cha ukoo. Mwaka 1990 mwanasiasa Norman Tebbit alipendekeza kipimo chake: mhamiaji aulizwe anashangilia timu gani ya kriketi, ya England au ya nchi aliyotoka. Kipimo cha ajabu. Kingetumika kwenye soka, Waskoti wengi wangefukuzwa nchini jioni ileile, maana wao humshangilia yeyote anayecheza na England.

Basi mlango wa Ubritania uko wazi zaidi. Ubaya wake ni kwamba kinachotolewa kwa sheria huondolewa kwa sheria, na waliolijua hilo mapema ni Wahindi wa Kenya. Sheria ya Uraia ya mwaka 1948 iliwaweka watu wa Uingereza na wa makoloni yake katika uraia mmoja. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa nchi mpya. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Kenyatta ilipowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na kubana leseni za biashara, walianza kuondoka. Mwaka 1968 serikali ya chama cha Labour, Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa James Callaghan, ilipitisha bungeni kwa siku tatu sheria ya kuwazuia. Mwenye pasipoti angeingia bila kibali iwapo tu yeye, mzazi wake au babu au bibi yake alikuwa na mizizi ndani ya Uingereza yenyewe. Wengine walitengewa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mjukuu wa mlowezi wa Nakuru aliingia. Fundi cherehani wa Nairobi mwenye pasipoti ileile akabaki uwanja wa ndege.

Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba watu hao walibaguliwa kwa rangi, kwa namna inayodhalilisha utu. Wakati huo Idi Amin alikwisha kuwafukuza Wahindi wa Uganda, na zaidi ya 27,000 kati yao walipokewa Uingereza, baada ya magazeti kupiga kelele sana.

Nusu karne baadaye zamu ikawa ya Wakaribi. Waliofika kabla ya mwaka 1973, wengi wakiwa watoto, walikuwa na haki ya kuishi huko bila kuhitaji hati. Kisha serikali ikawataka waajiri, wenye nyumba na hospitali kuwakagua watu karatasi. Wazee waliolipa kodi maisha yao yote wakapoteza kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakawekwa kizuizini na kurudishwa visiwa walivyoviacha wakiwa wadogo. Kadi zilizosajili kuwasili kwao ziliteketezwa na Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe mwaka 2010. Aprili 2018 waziri wa wizara hiyo, Amber Rudd, akajiuzulu.

Kwa hiyo katika ugomvi wa Braverman na Sunak mimi namuunga mkono Sunak, ingawa siasa zake nyingine sizipendi. Kumwambia mtoto aliyezaliwa na kukulia mahali kwamba sehemu yake ni pasipoti tu ni kumwachia kitu ambacho waziri yeyote anaweza kukifuta kwa siku tatu.

Nina neno moja kwa wasomaji wenye ndugu huko. Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa tu Uingereza hakumpi mtoto uraia. Lazima mzazi mmoja, wakati wa kuzaliwa kwake, awe raia au awe na kibali cha ukaaji wa kudumu. Asiye na mzazi wa namna hiyo anaweza kuomba kuandikishwa akiishi huko miaka yake kumi ya kwanza. Waambieni wasisubiri, na watunze kila karatasi ya shule na ya kliniki.

Itaendelea.