Safari ya Mchoro wa Saketi hadi Bodi na Usalama wa Mgonjwa

Mashine ya kufuatilia hali ya mgonjwa, ile inayokaa kando ya kitanda na kuonyesha mapigo ya moyo kwenye skrini, huishi kati ya umeme wa aina mbili. Kwa upande mmoja hupokea umeme wa ukutani wenye volti 230. Kwa upande mwingine huunganishwa na kifua cha mgonjwa kwa waya, ili kupokea umeme wa moyo ambao juu ya ngozi huwa wa takribani milivolti 1 tu. Umeme wa kwanza haupaswi kamwe kumfikia mgonjwa. Umeme wa pili unapaswa kuifikia mashine bila kupotea njiani.

Kazi ya kuzitenganisha pande hizo hufanyika ndani ya bodi ya saketi, yaani ule ubao mwembamba wenye njia za shaba na vijenzi vilivyolehemiwa. Kabla ya bodi kutengenezwa, huwapo mchoro. Makala haya yanaeleza namna mchoro unavyohamishwa kuingia katika programu ya kupanga bodi, yale yanayohamishwa na yale yanayobaki nyuma, na kwa nini jambo hilo la karakana linamhusu muuguzi na mgonjwa wodini.

Mchoro na bodi ni vitu viwili

Mchoro wa saketi unafanana na orodha ya ukoo. Orodha ya ukoo hueleza nani ni ndugu wa nani, lakini haielezi kila mmoja anaishi nyumba ipi. Vivyo hivyo, mchoro hueleza kwamba mguu fulani wa rezista umeungana na mguu fulani wa chipu. Hauelezi vijenzi hivyo vitakaa wapi, wala njia ya shaba itakuwa na upana gani. Mistari miwili inayokaribiana katika mchoro yaweza kuwa mbali katika bodi, na iliyo mbali yaweza kuwa jirani.

Bodi, kwa upande wake, ni kitu cha vipimo. Kila kijenzi huhitaji vituo vya shaba au matundu yanayolingana na miguu yake. Mpangilio huo wa vituo huitwa nyayo, kwa kuwa ni kama alama ambayo kijenzi kingeiacha kama kingekanyaga udongo laini.

Kinachohamishwa

Tuchukue mfano wa KiCad, programu inayotolewa bure na ambayo ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa. Katika programu hiyo, mambo makuu yanayotoka kwenye mchoro kwenda kwenye bodi ni matatu. La kwanza ni jina la kila kijenzi, kama vile R1 kwa rezista ya kwanza au C4 kwa kapasita ya nne. La pili ni nyayo ambazo msanifu amezichagua kwa kijenzi hicho. La tatu ni orodha ya miunganisho, inayotaja kila muunganiko kwa jina lake pamoja na miguu yote iliyomo.

Zamani orodha hiyo iliandikwa katika faili, kisha faili ikasomwa na programu ya kupanga bodi. Siku hizi msanifu hubonyeza kitufe cha F8, na programu hulinganisha mchoro na bodi kisha kuongeza kilichopungua. Vijenzi hujitokeza vikiwa vimerundikana pamoja, vimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba zinazoonyesha ni nani anamdai nani. Kuvipanga na kuvichorea njia za shaba ni kazi ya binadamu.

Programu ina ukaguzi wa aina mbili. Ukaguzi wa mchoro hutafuta makosa ya umeme, kama mguu ulioachwa bila kuunganishwa. Ukaguzi wa bodi huangalia kama njia za shaba zimefuata orodha ya miunganisho na kama umbali kati yake haujapungua kiwango kilichowekwa. Ukaguzi huu ni msaada mkubwa, lakini una mpaka: unalinganisha karatasi na karatasi. Kama kosa limo katika zote mbili, programu itasema hakuna kosa.

Kinachobaki nyuma

Jambo la kwanza ni maana ya majina. Katika mashine tuliyoitaja, sehemu inayomgusa mgonjwa hujengwa kama kisiwa. Hupata nguvu kupitia transfoma ndogo, na taarifa zake huvuka kwenda upande wa pili kwa mwanga au kwa usumaku, bila waya wa shaba kuvuka. Kisiwa hicho kina sehemu yake ya sifuri, yaani graundi, iliyo tofauti na graundi ya upande wa pili. Sasa, desturi ya wasanifu ni kuiita graundi GND. Endapo pande zote mbili zitapewa alama yenye jina hilo, programu itaziunganisha kuwa kitu kimoja, hata kama hakuna mstari unaozikutanisha katika mchoro. Kisiwa kitakuwa kimejengewa daraja, na ukaguzi waweza kupita bila onyo.

Jambo la pili ni umbali. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, IEC 60601-1, kinataka umeme wa hadi volti 250 utenganishwe na mgonjwa kwa kinga mbili. Juu ya uso wa bodi, kinga hizo mbili huhitaji nafasi ya milimita 8. Mchoro wa kawaida hauna milimita. Usipoiandika kanuni hiyo, programu itatumia umbali wake wa kawaida, ambao mara nyingi ni sehemu ndogo ya milimita moja.

Jambo la tatu ni mpangilio wa miguu. Transista za BC547 na 2N3904 zina umbo moja la nje na hufanya kazi zinazofanana, lakini ukizitazama kwa upande wao bapa, ya kwanza huanza na kolekta na ya pili huanza na emita. Programu hulinganisha namba za miguu tu. Namba zikipishana, transista hukaa kinyume, na transista iliyokaa kinyume mara nyingi haifi: hufanya kazi kwa udhaifu. Kama ndiyo inayowasha king'ora cha hatari, sauti yaweza kuwa hafifu usiku ambao inahitajika zaidi.

Namna ya kuhamisha kwa uangalifu

Msanifu makini huyapa majina tofauti yale yasiyopaswa kukutana, kwa mfano GND_MGONJWA na GND_UMEME. Huweka miunganisho ya upande wa mgonjwa katika kundi lake na kuliandikia kundi hilo umbali unaotakiwa, ili ukaguzi wa bodi uusimamie. Hulinganisha kila mguu na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, wala hatosheki na maktaba ya programu. Mwishowe huchapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na kuweka vijenzi juu yake. Kiungio chenye miguu 20 kwa safu, kilichochorwa kwa nafasi ya milimita 2.5 badala ya 2.54, hupishana kwa milimita 0.76 kufikia mguu wa mwisho. Karatasi huonyesha kosa hilo kabla fedha haijatumika.

Wodini

Mhudumu wa afya hawezi kuiona bodi, lakini anaweza kusoma ahadi yake. Karibu na tundu la waya za mgonjwa huwapo alama. Mtu ndani ya mraba humaanisha aina ya BF, inayofaa kuguswa na mwili. Moyo ndani ya mraba humaanisha aina ya CF, inayofaa hata kuunganishwa moja kwa moja na moyo. Kwa aina ya CF, umeme unaovuja kwenda kwa mgonjwa katika hali ya kawaida haupaswi kuzidi mikroampia 10. Kwa aina ya BF, mikroampia 100.

Ahadi hiyo hulindwa kwa matendo madogo. Usiweke chupa ya dripu juu ya mashine: maji ya chumvi yakiingia ndani yanaweza kuziba zile milimita 8 na kuupa umeme njia. Usikubali chaja au kijenzi cha kubahatisha kwa sababu tu kinaingia. Mashine inaporudi kutoka kwa fundi, uliza kama umeme unaovuja umepimwa, na kama king'ora kimejaribiwa. Nawe mgonjwa, ukihisi mchonyoto mahali waya zilipobandikwa, mwambie muuguzi mara moja, wala usidhani ni jambo la kawaida. Muuguzi naye aitoe mashine hiyo katika huduma, aibandike karatasi yenye maelezo ya tatizo, na kuipeleka kwa fundi wa vifaa tiba. Programu hubeba majina na namba. Dhamira ya kumlinda mgonjwa hubebwa na watu, kuanzia meza ya msanifu hadi kando ya kitanda.