Krepi ya juzi na rangi ya leo: kwa nini ukuta mpya unakataa



Kiangazi kimefika na Kalemie yote inanuka sima. Kuanzia Kataki mpaka Lubuye watu wanapiga krepi nyumba zao, juu mvua haitarudi mbele ya mwezi wa 9 au wa 10, na mwenye makuta kidogo anataka ayamalize sasa. Wengi kati yetu tuliomaliza masomo na ambao kazi ya diplome bado haijatuona tunaitwa kwenye shantie hizi kupaka rangi. Mimi ni agronome, licence, na mtaani wananiita "enjenere" kana kwamba nilijifunza kujenga. Nimeacha kubishana. Ila kuna somo moja la fakilte yetu linalofaa kwenye ukuta kuliko watu wanavyofikiri, nalo ni pH.

Tuanze na maji kwanza, maana wateja wote wanasema "mbona ukuta umekauka, ona umekuwa mweupe". Tupige hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 6, ukuta wa mita 3 kwenda juu. Mzunguko ni mita 28, kwa hiyo mita za mraba 84. Toa milango na madirisha, inabaki kama 72. Krepi ya sentimita moja na nusu kwenye 72 hiyo ni zaidi kidogo ya mita kibu moja ya mchanganyiko. Ndani mule kuna kama mifuko 7 ya sima na karibu litre 250 za maji. Sima yenyewe inakamata maji ili igeuke jiwe, lakini inakamata karibu robo tu ya uzito wake, tuseme litre 80. Zile 170 zingine zinaenda wapi? Zinatoka pole pole kupitia uso wa ukuta, fasi ileile unayotaka kufunika na rangi. Na bado sijahesabu maji ambayo masoni alimwagia matofali mbele ya kupiga, wala yale ya kunyweshea.

Kunyweshea, hapo nisimame kidogo. Krepi inahitaji kumwagiwa maji asubuhi na jioni siku za kwanza, wiki moja ikiwezekana. Hapa kwetu upepo wa ziwa kwenye kiangazi ni mkali, unakausha uso mbele sima haijashika. Matokeo yake unapitisha mkono ukutani na mkono unarudi na vumbi. Rangi haiwezi kushika juu ya vumbi. Masoni wengi wanaruka kazi hiyo kwa sababu kubeba maji ni kazi ya kulipwa na mwenye nyumba hataki kulipa. Ukiwa wewe ndiye utakayepaka, pita shantie ile siku ya tatu na uulize nani anamwaga maji.

Sasa pH. Sima ikishika inaachia chokaa iliyozimwa, na ukuta mpya unakuwa na pH ya 12 kupita. Wenzangu wa agronomie wanakumbuka: udongo wenye asidi, pH ya 5, tunautilia chokaa ili mihogo na maharagi vipate nafuu. Kati ya 5 na 12 tofauti ni hatua 7, na kila hatua ni mara 10, kwa hiyo tunazungumzia mara milioni 10. Ukuta mpya ni kitu kikali kweli. Pole pole hewa inaingia, gazi ya kaboni inakutana na ile chokaa na kuigeuza kuwa jiwe la chokaa, na ukali wa uso unashuka kuelekea 9. Njo maana watengeneza rangi wanaomba siku 28. Wiki nne hizo zinafanya kazi mbili kwa pamoja: maji yanatoka, ukali unashuka.

Ukipaka rangi ya mafuta mbele ya hapo, utaona mambo. Nani hapa hajaona mama wanapika sabuni kwa mawese na soda? Mafuta yakikutana na kitu kikali yanageuka sabuni. Rangi ya mafuta nayo ina mafuta ndani, na ukuta mpya ni soda yako. Baada ya muda mfupi rangi inakuwa laini, inanata, mvua ikipiga inateremka. Umepika sabuni kwenye ukuta wa mtu, na umelipwa kwa hiyo. Rangi ya maji inavumilia zaidi, lakini nayo maji ya nyuma yakiisukuma inatoa malengelenge, halafu inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Hata unga wa rangi hauko sawa: nyekundu na njano za udongo hazijali ukali huo, maana ni kutu ya chuma tu, ileile inayofanya udongo wetu wa vilima uwe mwekundu. Rangi zingine za kung'aa zinaweza kupauka mapema. Mteja akitaka nyumba ya zambarau, mngojeshe zaidi.

Kuna mama mmoja hapa mjini, simtaji jina. Alipokea likelemba lake, akapiga krepi nyumba ya kupangisha, na mpangaji alikuwa anaingia tarehe 1. Fundi akapaka siku ya sita. Nyumba ilipendeza sana, picha zilipita kwenye simu za watu wote. Mvua za mwezi wa 2 zilipofika, ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa meupe na malengelenge makubwa kama sahani, na mpangaji akaanza kuomba kodi ishuke, eti nyumba ina unyevu na mtoto anakohoa. Mama akaniita. "Mwanangu, si ulisoma wewe? Niambie basi, ni ndumba ama ni nini?" Nikamwambia, mama, ni maji. Akacheka kwa hasira: makuta ya wanawake 20, zamu yake ya mwaka mzima, imekwenda na maji.

Kazi ya kurudia ilikuwa nzito kuliko kupaka mara ya kwanza. Kila kilichobanduka kinakwanguliwa mpaka fasi ngumu. Yale madoa meupe ni chumvi ambazo maji yalizibeba kutoka ndani na kuziacha nje yalipokauka. Usizioshe, maana zinayeyuka na kurudi ndani kungojea. Zisugue na brosi kavu, zikirudi zisugue tena, mpaka zichoke.

Halafu ukuta unapimwa. Hakuna haja ya mashine. Kata plastiki safi, upana wa kiwiko kila upande, ibandike ukutani na skochi pande zote nne, iache usiku mmoja. Asubuhi ukikuta matone ndani, au sehemu ile imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, ngojea. Fanya hivyo kwa kila upande wa nyumba na chini kuliko juu. Kwa mama yule ukuta wa mbele ulikuwa tayari, wa nyuma, chini ya mwembe, uliomba wiki tatu zaidi. Tukapaka mbele kwanza. Yeye mwenyewe njo alikuwa anaenda kuangalia plastiki asubuhi.

Kwa nyumba mpya, wiki nne zikiisha, gonga ukuta na vidole. Fasi inayolia tupu imeachana na tofali, itoe na uipige upya, na fasi hiyo inaanza kuhesabu siku zake mwanzo. Nyufa ndogo kama unywele rangi nzito itazifunika. Ufa unaofuata viungo vya matofali kwenda kwenye pembe ya dirisha ni habari nyingine, hasa kwenye nyumba za zamani zilizotikiswa na tetemeko la tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005: huo mwite masoni, rangi haiufungi. Kisha piga brosi kavu ukuta mzima.

Mkono wa kwanza utiwe maji zaidi, uwe mwepesi, ili ukuta uunywe. Krepi mpya inakunywa sana. Kwenye uso wa mikwaruzo usitegemee zaidi ya mita 6 kwa litre moja, kwa hiyo nyumba yetu ya mita 72 inakula litre 12 mkono wa kwanza, wa pili unapungua. Mwambie mteja hesabu hiyo mbele ya kwenda dukani, la sivyo utaongeza maji kwenye ndoo kwa aibu, na mvua itakutoa siri. Usipake ukuta unaopigwa na jua la saa nane. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, mangaribi upande wa ziwa.

Na kama mtu hawezi kungojea? Chokaa. Mawe ya chokaa tunayo karibu, kule Kabimba njo yanafanya sima. Chokaa iliyozimwa ni kitu kimoja na kilicho ndani ya krepi, haina ugomvi na ukali wake, na inaacha maji yatoke. Lowesha ukuta, paka mikono mitatu, kila mmoja mwembamba kama maziwa, na kati yao siku moja. Ukitaka rangi, tia udongo wa njano au mwekundu uliochujwa. Miaka miwili mitatu unarudia, lakini kurudia ni brosi na ndoo tu. Vaa miwani, maana tone la chokaa likiingia jichoni linachoma kweli: osha na maji mengi palepale, robo saa nzima, halafu hospitali.

Nyumba za karibu na maji, zile ziwa lilizozifikia mwaka 2021 na tena 2024, mimi mita ya kwanza kutoka chini naipaka chokaa peke yake hata mteja akikasirika. Ukuta ule unakunywa kutoka ardhini kila siku, siku 28 hazitautosha, wala miezi 6.