Pangani, Mji wa Mtoni



Sisi watu wa visiwani tukiutaja Mrima twataja Tanga na Dar es Salaam, kwani huko ndiko meli ziendako na huko ndiko wana wetu waendako kusoma na kutafuta kazi. Pangani hatuitaji ila kwa nadra, ingawa babu zetu waliijua vyema, na majahazi yao yakiingia mtoni pale na kutoka kama mtu aingiaye kwao. Nimeona niandike habari za mji huo kwa sababu mbili. Kwanza, wenyewe wastahili kutembelewa. Pili, katika mkutano wetu uliopita ilizuka hoja ya kuondoa mikarafuu mikongwe na kuweka zao moja jipya shamba zima, zao lililosifiwa sana na mabwana waliotujia na bei nzuri midomoni. Wenye hoja ile na wenye kuipinga nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha tukutane tuseme.

Kutoka Tanga mpaka Pangani ni safari ya kilomita kama 45 kuelekea kusini, kandokando ya pwani. Watalii wengi hawafiki. Wao hushuka uwanja wa ndege wakaenda kuangalia wanyama upande wa Arusha, au wakaja kwetu kulala mchangani, na wanaobaki huenda Bagamoyo kwa kuwa iko karibu na Dar es Salaam. Hata Hifadhi ya Saadani, iliyo kusini ya Pangani na iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, haijawaleta kwa wingi. Basi mgeni akifika Pangani hapati mtu wa kumvuta mkono wala kumpigia kelele za bei. Hupata salamu, na akishaitikia huachwa aende zake.

Mji umelala ukingo wa kaskazini wa mto, pale pale unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili ni Bweni, penye mlima mdogo wenye miti mpaka karibu na maji. Kati ya mji na Bweni kuna kivuko, na mtu akikaa ufukoni asubuhi huona mji mzima ukipita mbele yake: wanafunzi wa skuli na mabuku yao, akina mama na vikapu vya samaki, baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi, na wazee waliokwenda kumtazama mgonjwa upande wa pili. Kazi ya barabara mpya ya Bagamoyo, Pangani na Tanga imekuja na daraja la kuvuka mto huo. Kwa mwenye kuchukua mgonjwa usiku, daraja ni rehema kubwa. Lakini sidhani kama watu watasalimiana juu ya daraja kama wasalimianavyo kivukoni.

Nyuma ya ufuko kuna nyumba za mawe za zamani, milango yake mikubwa ya nakshi mingine imesimama na mingine imeliwa na mchwa. Uko mtaa wa maduka ya Wahindi wenye roshani za mbao juu, na maduka mengine yamefungwa siku nyingi. Liko Boma, jengo kubwa ambalo asili yake yasemwa ni nyumba ya Mwarabu tajiri, kisha Wadachi wakalitwaa na kulibadili. Nilipita mitaani humo baada ya sala ya alasiri nikasikia sauti tatu tu: cherehani, mtoto akisoma juzuu, na bahari.

Ukimya huu ni wa juzi. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari yenye harakati nyingi. Misafara ya pembe za ndovu iliteremka hapa kutoka bara, na Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 kabla hawajaanza safari yao kubwa ya kwenda Tanganyika. Juu ya pembe kulikuwa na miwa. Mashamba yalifuata mto pande zote mbili, miwa ikikamuliwa vinuni, na sukari na asali yake ikipelekwa Unguja na Arabuni. Kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa, na watumwa pia walipakiwa majahazini wakaletwa visiwani. Haifai sisi kulisoma jambo hilo kama habari ya wenzetu, kwani mikarafuu yetu ya kwanza ilipandwa na kuchumwa kwa mikono hiyo hiyo.

Mwenye shamba mmoja la miwa katika Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said aliipa kampuni ya Wadachi madaraka ya kuendesha mambo na kutoza ushuru katika pwani ya Mrima, na mwezi wa Agosti akaja Pangani mjumbe wao, Emil von Zelewski. Aliweka bendera ya kampuni na kuidharau ya Sultani, na wenyeji husimulia mpaka leo kwamba aliingia msikitini na mbwa wake siku za Idi. Watu hawakustahimili. Sultani alimtuma jemadari wake, Mwingereza Mathews, kuja kutuliza, naye akafukuzwa. Vita vikaenea pwani yote, Abushiri akawa kiongozi, na Bwana Heri akapigana upande wa Saadani. Mwezi wa Julai 1889 Wadachi chini ya Wissmann waliiteka Pangani kwa mizinga, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi mrefu. Zelewski naye, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891. Jina la Bushiri limebaki, ni jina la kata katika wilaya ya Pangani, na watoto walitamka kila siku bila ya kujua kuwa lilikuwa la mtu.

Sasa nafika kwenye sehemu inayotuhusu zaidi.

Baada ya vita miwa haikurudia hali yake. Mwaka 1893 bwana shamba mmoja Mdachi, Dokta Richard Hindorf, alipokea miche ya mkonge aliyoiagiza kutoka Florida katika Marekani. Iliyotumwa ilikuwa 1,000. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka Tanga mpaka Korogwe, Morogoro na Lindi. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000 za singa, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyofikia hesabu hiyo. Wafanya kazi walioitwa manamba walitoka Kigoma na Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakajengewa makambi, na wajukuu wao wapo mpaka leo na wengi hawana kwao kwingine.

Kilichofuata kila mkulima wa karafuu angekielewa hata asiambiwe. Mkonge ulikuwa wa kamba, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wakulima wa Ulaya na Marekani waliofungia majani ya ng'ombe. Zikatoka kamba za plastiki, nyepesi na rahisi, na bei ya singa ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalitaifishwa. Wako wasemao ndiko kulikoyaua, na wako wasemao yalikuwa yamekwisha kufa kwa bei. Mimi naona plastiki isingemngoja mtu yeyote, mwenye shamba awe kampuni au serikali. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikitoa chini ya tani 30,000. Mkonge umeanza kuinuka tena katika miaka ya karibuni, na mashamba mengine yamefufuliwa, lakini mji ulikuwa umekwisha kuzoea kukaa bila ya huo.

Upande wa Bweni nilikaa na mzee mmoja aliyefanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kukamulia mkonge, tangu ujana wake mpaka siku ilipozimwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Watoka ng'ambo, mwanangu?" Nikamwambia natoka Pemba. Akasema, "Ah, basi wewe ni mtu wa karafuu," akanitazama kama anipaye pole. Alinieleza kuwa shamba lilikuwa baba na mama. Lilitoa posho, dawa, nyumba, hata mpira wa vijana kuchezea. Ardhi yote ilikuwa ya mkonge mpaka mlangoni, na mtu akipanda muhogo nyuma ya nyumba msimamizi aliung'oa. Siku korona iliponyamaza, waliokuwa na minazi michache au shamba la muhogo mahali pengine ndio waliobaki. Wengine waliondoka mmoja mmoja, na wengine walibaki kwa kuwa hawakuwa na nauli. Nilimwuliza kama walijua bei inaanguka. Akacheka, akasema wao walijua siku ya mshahara tu.

Minazi nayo ina habari yake. Mto wa Pangani hutoka katika maji ya Kilimanjaro na Meru, ukashuka kupita bwawa la Nyumba ya Mungu, Korogwe na Hale. Njiani humo maji huchukuliwa na wakulima wa juu na hutumiwa kwa umeme. Mtambo wa Hale ulianza mwaka 1964, na ule mpya wa maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Maji ya mto yakipungua, bahari hupanda ndani. Chumvi imepenya mtoni kuliko zamani, kingo zimeliwa, na minazi iliyosimama kando ya maji mingine imekufa ikabaki magogo. Yule mwenye mnazi hakufanya kosa lolote. Maji yake yaliamuliwa na watu walio mbali naye sana, nao hata hawamjui.

Nje ya mji, baharini, kiko kisiwa cha Maziwe. Wazee wanakumbuka kilikuwa na mivinje, na kasa wakija kutaga. Kilihifadhiwa kisheria mwaka 1975, na mnamo miaka michache tu bahari ikaimaliza miti yote. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa huja bado, na watu huyahamisha mayai yao mpaka pwani yasije yakafunikwa na maji.

Twarudi kwetu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi ndio wenye karafuu nyingi. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa ajili ya sigara zao za karafuu. Kisha ikapanda yake, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikatuporomokea. Hatukuambiwa na mtu. Mwaka 2011 bei ya karafuu za daraja la kwanza ilipandishwa mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, tukashukuru Mwenyezi Mungu, na haki yetu kushukuru. Lakini mnunuzi aliyegeuka mkulima ndiye plastiki yetu sisi.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya hoja ile ni haya, na mwanachama yeyote aweza kuyapinga. Mikarafuu mikongwe ina haki ya kupumzishwa, lakini kwa mpango, kwa kibali kama sheria itakavyo, na mche mwingine wa mkarafuu uwe umekwisha kushika karibu yake, kwani mche huo utatungoja kiasi cha miaka 7 kabla ya kuzaa. Wale mabwana wenye zao jipya watupe miche ya kujaribu pembezoni mwa shamba, si shamba zima. Na chini ya mikarafuu, mahali ambapo sasa tunaacha magugu, kuna nafasi ya pilipili manga, mdalasini na vanila, na migomba ya kula wenyewe. Mwenye eka 3 asikubali kuwa na msimamizi wa kumng'olea muhogo nyuma ya nyumba, hata kama msimamizi huyo ni yeye mwenyewe. Najua wapo watakaosema Katibu amekwenda kutembea akarudi na hofu. Waende nao wakaone.

Anayetaka kwenda apande meli mpaka Tanga, kisha basi. Nyumba za kulala wageni zipo, za kawaida na safi. Kwa Maziwe azungumze na mabaharia usiku wa kuamkia safari na afuate maneno yao juu ya maji, kwani bamvua halimngoji mtu. Samaki ni wengi, na wa kupaka hapo ni mzuri kuliko niliyewahi kula Tanga. Kamati imekubali kuandaa safari ya watu 20 kwa gharama zao wenyewe, na majina yataandikwa kwangu ofisini. Yaletwe kabla ya mavuno, maana tukishahamia dago hapana atakayekumbuka safari.

Katibu