Bingwa Mara Mbili

Kiswahili kina hekima ambayo aghalabu hatuitambui. Mwanamichezo aliyewashinda wenzake twamwita bingwa. Tabibu aliyebobea katika fani yake naye ni daktari bingwa. Ni nadra maana hizo mbili kukutana katika mtu mmoja. Zilikutana kwa Jack Kyle.

Kyle alizaliwa Belfast mwaka wa 1926. Mnamo 1948, angali mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini humo, aliiongoza safu ya nyuma ya Ireland kuzilaza Ufaransa, Uingereza, Scotland na Wales katika msimu mmoja. Ireland ilingoja miaka 61, hadi 2009, ndipo ikairudia fahari hiyo. Aliichezea timu hiyo mara 46 kati ya 1947 na 1958, na mwaka wa 1950 akazuru New Zealand na Australia na kikosi cha Lions.

Enzi hizo raga haikuwa na ujira. Malipo yaliruhusiwa mwaka wa 1995. Kyle alihitimu udaktari mwaka wa 1951, jina lake likiwa tayari limevuma. Mwaka wa 1966 alikwenda Chingola, mji wa machimbo ya shaba nchini Zambia, nchi iliyokuwa imejipatia uhuru miaka miwili tu kabla ya hapo. Akawapasua na kuwatibu wagonjwa huko hadi mwaka wa 2000. Hiyo ni miaka 34, takriban mara tatu ya muda alioichezea Ireland.

Leo raga hulipa, na hatuwezi kumlaumu kijana anayeitegemea. Lakini hebu tujiulize: yule anayetolewa darasani ili shule ipate kombe, atakuwa nani goti likimsaliti angali na miaka 25? Wapo watakaodai kwamba siku hizi haiwezekani kuyashika yote mawili. Jamie Roberts wa Wales alihitimu udaktari mwaka wa 2013, na mwaka uo huo akachezea Lions.

Ngoma ivumayo haidumu, walinena wahenga. Kyle aliaga dunia mwaka wa 2014. Mwalimu au kocha anayempa mwanafunzi mpira na kumpokonya kitabu amemnyima ule ubingwa unaodumu.